Vijiko vya Damaris

Vijiko sita vya fedha, shinani D na Y:
zawadi ya ubatizo, Damaris binti Yelverton,
aliyezaliwa mwaka tumbaku ilipooza ghalani
na baba akalipa madeni kwa maneno matamu.

Akafunzwa zaburi, dansi,
na kutomtazama mgeni machoni kabla ya supu.

Kumi na sita: Giles Hackett, ekari mia nane,
meno mabovu, kicheko cha kweli.
Sonara akaifuta Y, akachonga H.
Homa ya Agosti haikumngoja aone mtoto.

Eda haikufika masika.
Mjane mwenye theluthi ya shamba hakosi mposaji.
Ambrose Pruett alifunga farasi uani
kaburi lingali na alama za koleo.
H ikakwanguliwa, ikaja P,
na fedha pale ikawa nyembamba kama ukucha.

Aliyevisugua kwa majivu ni Phibby.
Siku ya harusi Pruett aliandika, kwa wino mmoja:
*kitanda cha manyoya, ng'ombe wawili,
Phibby, vijiko sita.*

Pruett akazama Rappahannock, amelewa.
Wa tatu alipobisha hodi,
Damaris, miaka ishirini na tisa,
hakuuliza ekari.
"Jina lako laanza na nini?"
"Peverell, bibi."
"Vyema. Sonara apumzike."

Usiku ule Phibby alihesabu vijiko vitano,
akavipanga kwa nafasi pana kidogo,
akafunga droo.