Safu ya Maji

Nilipewa kishikwambi, chaki na buti za mpira,
nikaambiwa: Siyu, nyumba mia mbili na kumi,
usiruke hata moja, hata iliyobakiwa na mlango bila ukuta.
Nikaandika namba kwenye miimo.
Mbuzi wakazilamba za chini.

Nilimulika mabirika kwa tochi,
nikateka viluwiluwi vya mbu kwa kijiko cheupe, nikahesabu.
Bwana Famau, mikono ikinuka ngozi na gundi ya viatu,
akaniita: "Kwangu hutapata kitu.
Nina samaki wawili humu,
wamekula mbu wa vizazi vitatu."
Kweli. Nikaandika sifuri.
Sifuri ile niliiamini.

Maswali kumi na sita ya mwanzo ni mepesi:
umri, jinsia, chandarua, wavu wa madirisha,
je, viungo viliuma hata ukatembea kama mkongwe?
Wakacheka. "Kidingapopo," wakasema,
jina la nyanya zao, halimo katika orodha yangu.

Swali la kumi na saba:
Je, alilazwa?

Bi Mwanashee wa nyumba mia na nne
alikuwa akichagua mchele. Hakuinua uso.
"Alilazwa, ndiyo.
Ubavu wa kulia, akaelekezwa kibla.
Babake alishuka mwenyewe kaburini kumpokea."

Kidole changu kikasimama juu ya kioo.
Ndiyo. Hapana. Sijui.
Hospitali hakufika, kwa hiyo kwa kishikwambi
kijana huyu hakuzidiwa.
Damu hakupimwa, kwa hiyo hakuugua.
Na kijiji chenye kumi na mmoja kama yeye
kitapakwa kijani kwenye ramani: hatari ndogo.

"Mbona hamkumvusha?"
"Mai yalikuwa mafu, mwanangu.
Mkono wa mikokoni haukujaa
hata kulowesha mkia wa boti.
Ilikuwa Mfunguo Tano, mwezi ishirini na mbili."

Hakutaja tarehe yangu. Alitaja yake,
na yake ilikuwa na bahari ndani.

Nikazirudia nyumba nilizokwisha kuzifunga,
nikabisha hodi upya, nikauliza nje ya mwongozo:
mwezi ulikuwa wa ngapi?
Wa saba. Wa nane. Ishirini na tatu. Wa nane tena.
Aliyeshikwa na homa siku za bamvua alipakiwa botini,
akatundikiwa dripu, akarudi na makaratasi.
Aliyeshikwa siku za maji mafu
alikandwa kwa mwarobaini, akasomewa,
akangojewa.
Mbu yule yule, homa ile ile;
tofauti yao shibiri tano za kina.

Usiku nikaongeza safu, nikaipa jina: maji.
Mchambuzi wa takwimu akapiga simu kutoka Kilifi,
sauti inakatika, inarudi:
"Safu hii ya maji, ni ya kisima au ya bomba?"
Nikamwambia ni ya mwezi.
Kimya. Nikadhani laini imekufa.
Kisha: "Nitumie kalenda."
Nikapiga picha ile ya dukani kwa Lali,
ya msikiti, ina madoa ya mafuta ya taa,
na deni la mtu la sukari limeandikwa pembeni
juu ya mwezi saba.

Sijui wataifanyia nini.
Huenda boti ya pili ikaletwa,
huenda safu ikafutwa kwa kukosa jina la kitaalamu.

Siku ya kuondoka Bi Mwanashee alinisimamisha,
ungo kiunoni: "Umemwandikaje?"
Nikamgeuzia kioo. Hasomi herufi hizi.
Nikamsomea: nyumba mia na nne, mume, miaka kumi na tisa,
hakupimwa, hakulazwa, maji mafu.

Alinirekebisha neno moja tu.
"Alilazwa," akasema.