Utambi wa Pamba

Mara tatu nilimwandikia Nyamizi dawa ya fangasi.
Mara tatu alirudi Usoke kwa baiskeli
na baka lake juu ya mkono, limepauka
kama jani la tumbaku lililoharibikia banini.

Foleni ilikuwa ndefu. Na chuoni
ngozi tulipewa wiki moja tu,
picha zote za watu weupe,
wekundu ambao kwetu haujitokezi hivyo.

Jumanne akaja Sista Kabula na pikipiki ya wilaya.
Hakubeba mashine. Alinyofoa pamba,
akaisokota ncha kama utambi wa koroboi.
“Daktari, andika kidogo, gusa zaidi.
Na wewe mama, fumba macho. Onyesha nilipogusa.”

Shavu: akaonyesha.
Kiwiko: akaonyesha.
Kwenye baka,
tukasikia mlango wa famasi ukigongwa na upepo.
Nyamizi bado amefumba,
anasubiri kuguswa.

Siku hizi natembea na pamba mfukoni, kando ya kalamu.
Lakini lile kovu la moto kidoleni
nililiona tangu mara ya kwanza.
“Bani liliniunguza,” alisema, “wala halikuuma.”
Nami nikamjibu, bila kuinua kichwa:
bahati yako.