Mshono

Ndege ya watu wanne ilishuka Konde kwa mwavuli,
ikakaa juu ya majamvi ya karafuu za Mbwana Faki
kama kuku anayeatamia.

Rubani, mikono ikimtetemeka, akatuhadithia:
zamani mtu mmoja alianguka ziwani na mbawa zake za turubai,
akanusurika, akaapa
chombo kizima nacho kitafutiwe mwavuli.
Wakamcheka. Miaka. Kisha roketi, kamba, kitambaa.

Bi Raya Shaame, fundi cherehani,
hakuisikiliza roketi.
Alipiga goti, akaupapasa upindo kwa kidole gumba,
akahesabu: mishono minane kwa inchi,
uzi haukuruka.

"Na huyu aloshona," akauliza, "jina lake nani?"

Rubani alijua jina la kiwanda tu.
Faki alikuwa akikung'uta karafuu zake mikunjoni.