Kadi ya Ukuta wa Tatu

Makumbusho yetu ni vyumba viwili na baraza,
mabati yanayopiga kelele mvua ya Masaba ikishuka,
na mimi, Debora Nagudi, ndiye mwandika kadi:
kalamu nyeusi, maneno yasizidi arobaini,
maana mgeni husoma amesimama, na Mbale ni mbali kwa miguu.

Kadi ya taa ilinichukua asubuhi moja.
Kadi ya kitabu cha sala, siku mbili:
kilifichwa ndani ya gunia la maharagwe
jenerali alipotukataza Sabato.
Gunia lilikuwa la nani, sikuandika.
Hajati Nambozo mwenyewe alinikataza.
"Andika maharagwe," alisema. "Yanatosha."

Ukuta wa tatu una ramani
ya mabwana wa mbali, wenye wino mwekundu,
waliosema Wayahudi wapewe Uganda,
na hiyo Uganda yao leo iko Kenya.
Watoto wa shule hucheka hapo. Huwaacha wacheke,
kisha nawauliza: waliokuwa wakichunga ng'ombe pale,
nani aliwabishia hodi?

Chini ya ramani pana msumari mtupu.
Hapo ndipo inapongojewa kadi ya Uzayuni.

Kamati imekaa mara nne. Tangawizi imeisha.
Mzee Wamimbi anataka iandikwe: Sayuni ni moyo wetu. Nukta.
Mwanawe Yonadabu, aliyenunua tikiti kwa kahawa ya misimu mitatu,
akalala usiku mmoja kwenye benchi la uwanja wa ndege wa huko,
akarudishwa na karatasi isemayo hatambuliki,
anataka itundikwe karatasi ile, na mhuri wake.
Zipora, ambaye simu yake imejaa vifusi vya Gaza,
anasema tukiyanyamazia haya
basi kitabu kile tukirudishe guniani.
Mzee akagonga meza. Kikombe kikaanguka.
Hakuna aliyekiokota.

Jumatatu nikakuta mlango umeandikwa kwa mkaa:
WAUAJI.
Mlango wa mvule, alioupiga randa babu yangu,
mtu ambaye hakuwahi kuvuka hata mto Malaba.
Nilisimama na funguo mkononi kama mgeni wa nyumba yangu.

Hajati alipanda kilima na ndoo, na majivu, na mjukuu wake Muzamiru.
Alikuwa ameujua ule mwandiko; herufi W ya kijana huyo
ina mkia tangu darasa la pili.
Hakusema neno. Alimpa kitambaa.
Kijana akasugua, machozi na mkaa vikamchora usoni.
"Lakini mama, watoto wale niliwaona."
"Hata mimi niliwaona," nikamwambia.
"Mimi nilikuwa wapi walipokufa?"
Hakujibu. Akasugua.
U haijatoka yote hadi leo.

Usiku huo nikaandika, taa ya sola ikififia:

*Tunasali tukielekea Yerusalemu.
Wengine wetu wanaipenda dola iliyo huko,
wengine wamegombana nayo, mmoja ilimrudisha.
Kuihukumu dola si kumchukia Myahudi;
kumpaka mkaa Myahudi wa Mbale kwa ajili ya dola hiyo
ndiyo chuki yenyewe.
Na mtoto aliyekufa huko, hata awe wa nani, ni wa kuliliwa.*

Mzee Wamimbi aliisoma mara mbili, akavua miwani.
"Moyo uko wapi humu?"
Zipora akauliza vifusi viko wapi.
Yonadabu akacheka, cheko lisilo na meno:
"Mmoja ilimrudisha. Maneno mawili tu, Debora?"

Nimehesabu. Ni arobaini na matatu.
Matatu yamezidi, na kila ninalolishika
linashikwa upande wa pili na mtu ninayemjua.
Kesho wanakuja watoto wa shule ya Namakwekwe.
Msumari bado mtupu.
Nimeiweka kadi mfukoni,
wakiuliza nitawasomea.