Kama Ina Keria

Wakesho, ujumbe wako nimeusoma mara mbili,
mara ya pili nikiwa nimesimama katikati ya mlima
kuvuta pumzi, nikisingizia simu.
Mjomba Mwakio wa Peterborough
amekupa baiskeli ya bluu, gia saba.
Uje nayo Aberystwyth, au uiache?

Peterborough, mdogo wangu, ni chapati.
Mjomba hajaonja mlima tangu aondoke Wundanyi.
Kwake gia saba ni mapambo,
kama vifungo vya mkononi mwa koti.

Huku mji uko chini, umejibanza ubavuni mwa bahari,
na chuo kiko juu
kama mtu aliyenuna akaenda kukaa peke yake.
Kati yao kuna barabara, Penglais,
haibembelezi,
haina hata kona ya kukudanganya kwamba umefika.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.
Penglais hawakufika.
Kushuka ni dakika mbili,
machozi ya baridi yakikimbilia masikioni,
breki zikilia kama mbuzi wa sikukuu.
Unaipita maktaba ya taifa bila kuisalimia,
unaipita hospitali ukiiomba isikungoje.

Kupanda, sasa.
Wiki ya kwanza nilipanda nimeketi, kwa kiburi.
Wiki ya pili nilisimama juu ya pedali.
Wiki ya tatu nilisukuma, nikitazama chini
kama niliyeangusha shilingi.
Wiki ya nne niliipiga kufuli nyuma ya bweni,
mvua ya Oktoba ikainyea, ya Novemba nayo ikainyea,
buibui akatanda nyumba kati ya spoku
akanenepa kuliko mimi.

Hapo ndipo nilipotaka kukujibu: iache.
Nilikuwa nimeshaandika "ia".

Lakini Februari nilipata kibarua
ng'ambo ya mto, kuosha sufuria hadi saa tano usiku,
na basi la mwisho haliwangoji waosha sufuria.
Njia ya kando ya mto ni tambarare.
Nikamwomba buibui radhi.
Mpishi, Eluned, hakuweza kutupa chakula,
mkono wake ulikataa tu,
kwa hiyo nilifungiwa viazi, siku nyingine kabichi,
siku moja kichwa kizima cha samaki
aliyenitazama njia nzima.
Nilivifunga nyuma kwa ukanda wa tairi bovu,
nikaendesha mpaka tambarare ilipokatika,
nikashuka, nikaanza kusukuma.

Nikwambie kitu kuhusu kusukuma.
Usiku, upepo wa bahari ukiwa mgongoni,
ukiulalia usukani kwa mikono miwili,
hujui tena nani anamshikilia mwenzake.
Na mtu anayesukuma husemeshwa.
Mzee mmoja mwenye mbwa mfupi
aliniambia neno lile lile kila usiku,
nami nikalirudisha kwa adabu, nikijua ni salamu.
Mwezi mzima. Eluned ndiye aliyenifumbulia:
kwa Kiwelshi maana yake ni "mwinuko".
Tulikuwa tukiambiana, yeye na mimi,
mwinuko, mwinuko, tukaachana tukiwa na furaha.

Wewe nyanya alikutuma kinuni na debe kichwani,
ukashuka Wundanyi na mahindi, ukapanda na unga,
hukuuliza kama mlima unafaa.
Uliuliza kata iko wapi.

Kwa hiyo gia saba usinihesabie.
Mpigie mjomba, mwambie atazame nyuma ya kiti.
Kama ina keria, ya chuma, si ile ya urembo,
ikatie nafasi kwenye treni, njoo nayo,
viazi vya wawili ni vizito.

Kama haina, mwachie azunguke nayo chapatini.
Njoo na viatu.