YAH: SENTIMITA THEMANINI

Kwa Afisa Mipango Miji, Mwanza.
Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi Nyamizi Lugata, kiwanja namba kumi na saba,
Kitalu D, mlimani Isamilo,
naomba kusogeza ukuta wa banda la gari
sentimita themanini kuelekea mpakani.
Sheria yenu yataka mita moja na nusu. Naijua.
Nimeisoma ubaoni kwenu, foleni mara nne,
hadi mlinzi siku hizi ananiita shangazi.

Mtasema: jenga upande wa pili.
Upande wa pili kuna jiwe.
Si la kusukuma, Bwana Afisa, ni jiwe la Mwanza,
limekaa pale kama mwenye nyumba
na sisi ndio wapangaji.
Nilimleta kijana wa baruti. Akalizunguka,
akaligonga nyundo mara mbili, akasikiliza,
akaomba nauli ya kurudi.
Ramani yenu inasema pale ni tambarare.
Aliyeichora, nadhani,
aliupanda mlima wetu kwa kidole.

Banda tulijenga wenyewe
mwaka ule Lushinge aliponunua gari la mtumba,
bado anatengeneza injini za vivuko,
anarudi jioni kucha zimejaa grisi.
Gari liliingia. Yeye alitoka kwa ubavu,
tumbo ndani, akicheka,
akisema banda limembana
kama fulana ya mdogo wake.

Kiharusi hakikuomba kibali.
Kilibomoa upande wa kushoto
kikaacha wa kulia umesimama.
Sasa anatoka garini kwa kiti cha magurudumu,
na kiti kinataka mlango ufunguke wote,
na mlango unafunguka nusu, unagonga tofali.
Kwa hiyo namteremshia barabarani, kwenye mteremko,
jiwe dogo nyuma ya gurudumu
(madogo hatujapungukiwa),
mvua inanyesha, watoto wa shule wanapita,
wanasema shikamoo huku wakitazama pembeni
kwa adabu.
Adabu yao inamuumiza kuliko mvua.

Nimepima, na si kwa futi peke yake.
Nilimkalisha kitini, nikamwambia atanue kiwiko,
nikatia alama ya chaki sakafuni.
Themanini. Ningeweza kuandika mia moja
ili mpate cha kunipunguzia;
nimeambiwa ndivyo watu wanavyofanya.
Sikuandika.

Jirani yangu, Mama Kokugonza, ameridhia.
Sahihi yake imeambatanishwa,
pamoja na duara la kikombe chake cha kahawa.
Sharti lake moja: mchaichai wa mpakani
niuhamishe kwa mikono yangu,
si kwa jembe la fundi.
Bikoni tuliitafuta pamoja, mchana kutwa,
tukaikuta chini ya banda la kuku wake.
Tukatazamana.
Naomba hilo lisiingie kwenye kumbukumbu.

Fomu inasema: Eleza ugumu wa kipekee.
Imeacha mistari mitatu.
Wa kwanza nimeandika: jiwe.
Wa pili nimeandika: mume,
nikakata, nikaandika: mlango.
Wa tatu ulikaa wazi siku mbili.
Jana usiku Lushinge akaomba kalamu.
Alikuwa mtu wa mashoto; mkono wa kulia
ndio kwanza unajifunza, kama mtoto wa chekechea.
Hakuandika neno. Alichora mlango,
umefunguka wote, bawaba zake zote tatu,
na vipimo kwa milimita.
Msione ni uchafu kwenye fomu ya serikali.
Ndilo jibu letu la mstari wa tatu.

Ukija kukagua, usije asubuhi
wakati gari limelala na kila kitu kinaonekana kinatosha.
Njoo Alhamisi, saa kumi na nusu,
tukirudi mazoezini Bugando.
Weka faili juu ya boneti.
Shika kiti upande ule,
mimi nishike huku.
Halafu ndiyo upime.

Wako katika ujenzi wa taifa,
na wa banda moja,

N. Lugata