Nukta

Miaka ishirini nilipiga chapa barua za katani
Chumbageni, kila sentensi nikiitia komeo.
Mwanakombo akaniandikia: "shangazi umekasirika"
Hata alama ya kuuliza hakuweka.
Nami nilikuwa nimejibu tu: "Sawa."

Nikajifunza kulala na milango wazi.
Nikaandika "sawaaa", kidole kikiona haya,
na "njoo kuna mchicha wa nazi ukichelewa shauri yako"
pumzi moja, kama mtu aliyekimbizwa na mbwa.

Jana umeme ulikatika Barabara ya Kumi na Mbili.
Simu ikamulika chandarua:
"Nimefika salama, Shangazi. Usiku mwema."

Koma. Nukta mbili. Herufi kubwa kwenye cheo changu.
Nikazihesabu gizani kama chenji:
amenuna
au naye kajifunza